Hatua Moja Nyuma

Kakuma,
6 Septemba 1997

Kwa mpwa wangu Nakeno, mtoto wa dada yangu Akai,

Ejok! Mimi mjomba wako Ekidor sijambo kabisa, na ukisikia mtu anasema nimezeeka, mwulize alikuwa wapi juzi nilipobeba magunia mawili ya mahindi, moja kila bega, na kalamu sikioni haikuanguka. Mke wangu anakusalimu. Mbuzi wamebaki ishirini na wanne. Yule ngamia jike amezaa, na mtoto wake ni mrefu hivi kwamba watu wa Lodwar wanamwona akiwa hapa hapa Kakuma. Kazi yangu ya kulinda ghala la chakula kambini inaendelea. Nikipuliza filimbi mara moja, maelfu ya wakimbizi wanapanga foleni iliyonyooka kuliko waya wa simu.

Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma mwenyewe, maana darasa la nne la zamani ni sawa na chuo cha siku hizi, halafu nikampa Nyandeng aisome kwa sauti. Nyandeng ni mama wa Sudan mwenye hoteli ya chai karibu na lango la kambi, na hapo ndipo wanaume wenye akili tunakaa. Aliposoma kwamba umechaguliwa timu ya Kenya ya taekwondo, wanawake wa kilo hamsini na tano, na kwamba mwezi wa nne mtakwenda Kairo kupigana na mataifa, hata nzi walinyamaza. Mzee mmoja akauliza, "Huo mchezo ni wa kufanya nini?" Nikamwambia, ni wa kumpiga mwenzako teke la kifua au la uso, na ukimpata vizuri hakimu anakupa alama. Akasema, "Lo! Na hapa mtu akifanya hivyo anapelekwa kwa chifu!"

Sasa hilo la cheti cha kuzaliwa. Unasema bila cheti hakuna pasipoti, na bila kuthibitisha kwamba umetimiza miaka kumi na minane hutapanda ulingoni. Wasiwasi wa nini, na shahidi ni mimi? Waambie hivi: ulizaliwa siku ile jua lilikufa mchana, kuku wakapanda mitini kulala. Baadaye kidogo ngoroko wakaja kuiba mifugo yetu juu ya Katilu. Walikuwa kumi na saba, wote na bunduki. Mimi nilisimama mlangoni mwa boma na rungu moja. Mama yako, Mungu amrehemu, risasi ilimpata mwanzo kabisa. Wewe ulikuwa nyuma yangu umefunikwa na ngozi. Nilipigana mpaka rungu likavunjika, nikapigana na nusu iliyobaki. Sikurudi nyuma hata unyayo! Kovu la goti unalijua. Ndiyo maana wewe unapiga watu mateke: damu yetu hairudi nyuma.

Chifu ameandika barua na kugonga muhuri. Nimeifunga humu ndani pamoja na maelezo yangu. Pasipoti utaipata kabla wino haujakauka.

Ni mimi mjomba wako shujaa,
Ekidor Lomunokol


Nairobi,
2 Oktoba 1997

Mjomba mpendwa,

Natumaini hujambo, na mkeo, na mbuzi, na ngamia mrefu. Mimi ni mzima. Asubuhi niko kwenye kiwanda cha mkate, jioni niko mazoezini. Sista aliyenileta shule huku ameshastaafu, lakini bado ananiletea maharagwe Jumapili.

Mjomba, nilikwenda ofisi ya vyeti. Karani alipanga karatasi zangu tatu mezani kama anayecheza karata. Cheti cha shule kinasema 1982, kwa sababu ulimwambia mwalimu mkuu hivyo, nionekane nina akili kuliko umri wangu. Barua ya chifu inasema 1978. Maelezo yako yanasema siku jua lilipokufa, na mwenzake aliyesoma jiografia akamwambia hiyo ni 1973. Karani akanitazama. "Dada, mmekuja wangapi? Mmoja ana kumi na tano, mwingine kumi na tisa, mwingine ishirini na nne. Nani kati yenu anapiga mateke?"

Ofisi nzima ilicheka. Mimi pia, mpaka nilipofika barabarani.

Anataka karatasi iliyoandikwa wakati ule ule nilipokuwa mchanga. Kadi ya kliniki, daftari la ubatizo, chochote. Mwisho ni tarehe 31 Januari. Ikipita, nafasi yangu inachukuliwa na msichana wa akiba. Kuna kadi yoyote, Mjomba? Nani alinipeleka kupimwa nilipokuwa mdogo?

Jambo la pili nakwambia wewe tu. Wiki iliyopita nilipigana na Mganda katika mechi ya kirafiki nikashindwa, nne kwa moja. Kocha alikuwa anapiga kelele kando ya ulingo, "Rudi hatua moja! Moja tu, halafu piga!" Sikurudi. Kila alipokuja nilimsubiri kwa kifua. Baadaye kocha aliniuliza kama miguu yangu imepigiliwa misumari. Nikamwambia, mwalimu, kwetu hatujui kurudi. Mjomba wangu alisimama mbele ya bunduki kumi na saba.

Akasema, "Mjomba wako hakuwa anahesabiwa alama."

Wako,
Nakeno


Kakuma,
20 Novemba 1997

Mpwa wangu,

Usione kimya. Hii mvua wanaiita El Nino imekula barabara yote. Daraja limekwenda, basi la Kitale limelala upande mmoja kama punda mgonjwa, na mifuko ya barua imekaa wiki tatu ikinyeshewa. Mto Tarach, ambao tangu nizaliwe ni mchanga mtupu, umejaa mpaka samaki wanaingia kwenye hema za watu bila kubisha hodi. Lori la mahindi lilikwama katikati ya maji. Madereva wanne walishindwa. Nilivua shati, nikatia bega. Lori lilitoka kwa kasi hivi kwamba ilibidi nilikimbilie nilirudishe.

Mbuzi sita wamekufa kwa baridi. Ngamia hawajambo. Nyandeng amehamisha hoteli yake mlimani kidogo, na chai yake sasa ina ladha ya tope, lakini tunakunywa.

Huyo Mganda asikutishe. Kula nyama. Wewe simama tu, kama ukoo wako.

Kadi ya kliniki ililiwa na mchwa.

Mjomba wako,
Ekidor


Nairobi,
15 Desemba 1997

Mjomba,

Poleni na mvua na mbuzi. Huku pia mitaa imekuwa mito. Heri ya Krismasi kwenu nyote, hasa kwa mkeo. Nimemtumia kitambaa kwa dereva wa lori. Ni cha bluu, usiache akupe wewe ufungie redio.

Jumapili nilimwuliza Sista kuhusu kadi. Wakati wa njaa kubwa, ile mnayoiita Lopiar, yeye ndiye aliyekuwa anagawa maziwa ya watoto misheni ya Lodwar. Akasema hapakuwa na kadi. Palikuwa na daftari, na mchwa hawawezi kulila kwa sababu liko kwenye sanduku la chuma, na kila mtoto aliyepata maziwa aliandikwa humo: jina, umri, kilo, tarehe, na jina la mama.

Nikamwuliza, "Na mimi nimo?"

Akasema, "Wewe? Wewe sitakusahau mpaka nife." Halafu akacheka, akajifuta macho. Nikamwomba aseme. Akatikisa kichwa. "Hiyo si yangu kusema. Muulize mjomba wako."

Sasa nakuuliza. Kama mama yangu alikufa juu ya Katilu, daftari liliandika jina la mama gani?

Karani anasema jamaa aliyenipeleka lazima aende Lodwar mwenyewe, alitambue daftari, aape mbele ya DO, mkuu wa tarafa. Kocha ameshaandika jina la msichana wa akiba kwa kalamu ya risasi chini ya langu. Nililiona.

Nakeno


Kakuma,
2 Januari 1998

Nakeno,

Salamu za mwaka mpya.

Hilo la daftari liache. Sista amezeeka, anachanganya watoto. Nimesema na chifu, ataandika barua nyingine yenye mihuri miwili. Na kama karani anataka kiapo, nitaapa kwa dume langu la ng'ombe, kiapo ambacho hakuna Mturkana amewahi kukivunja. Nitamtumia na beberu mmoja akitaka.

Kuna mambo mwanaume akishayafukia hayafukuliwi. Usiniulize tena.

Mjomba wako


Nairobi,
12 Januari 1998

Mjomba,

Siku kumi na tisa zimebaki.

Sikuulizi kitu. Nakuomba. Sina mzazi mwingine wa kumwomba.

N.


Lodwar,
24 Januari 1998

Mpwa wangu Nakeno,

Barua hii inakuja kwa mkono wa dereva wa lori, mtu mwaminifu. Usiikunje mpaka uone kilicho ndani ya bahasha ndogo. Umekiona? Kaa chini sasa.

Alhamisi iliyopita tulikuwa na mgao wa maziwa ya unga kambini, ya watoto wachanga. Ni foleni ya akina mama. Katikati yao nikaona mwanaume mmoja, Mayen, mrefu kama mlingoti wa bendera, amefunga mtoto kifuani kwa shuka. Mke wake alifia njiani kutoka Sudan. Wanaume waliokuwa wameegemea seng'enge wakaanza: "Mayen, utanyonyesha titi la kulia au la kushoto?" "Mayen, ukimaliza hapo njoo unisuke!" Mkubwa wangu akaniita, "Ekidor, mtoe huyo. Foleni ya wanawake hiyo."

Nikapuliza filimbi. Nikamwendea, nikamshika mkono. Mtoto alikuwa amelala na mdomo wazi, na mguu wake mmoja umetokeza nje ya shuka, mwembamba kama hiki kidole ninachoshikia kalamu. Mkono wangu ukaachia wenyewe. Nikasema, "Simama hapo hapo. Na hiyo shuka ishushe kidogo kwa shingo, mtoto apate pumzi."

Akaniangalia. "Umejuaje?"

Nakeno, miaka kumi na minane nimesubiri mtu aniulize hivyo, na miaka kumi na minane nimeomba Mungu asitokee.

Hapakuwa na ngoroko kumi na saba. Au walikuwapo, sikuwahesabu. Ilikuwa alfajiri, nilisikia bunduki na mbwa. Mama yako alitoka na fimbo ya ngamia. Akakutoa kifuani mwake akakutia mikononi mwangu, akasema, "Wewe ndiye una miguu. Kimbia." Nikamwambia tusimame wote. Akanipiga kofi. Kofi hilo ndilo pigo pekee nililopata katika vita vile. Kovu la goti ni la mwiba. Nikakimbia. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni mwa boma, na wakakawia pale, na mimi nikafika korongoni. Aliyesimama ni Akai. Mimi nimevaa kusimama kwake miaka hii yote kama shuka ya kuazima.

Nilifuata mto Turkwel siku nne mpaka Lodwar. Misheni walikuwa wanagawa maziwa, lakini kwa akina mama peke yao, maana wanaume wengine walikuwa wakiyachukua na kuyauza. Nilifukuzwa siku ya kwanza. Wewe hukulia. Mtoto akiacha kulia, mchungaji anajua maana yake. Nilikuwa bado na kofia ya udongo kichwani, ile ya wanaume, na manyoya mawili ya mbuni, heshima yangu yote. Nikaibandua kwa jiwe. Bibi mmoja akaniazima ngozi yake ya kike na shanga. Asubuhi nikasimama foleni ya akina mama. Wanawake walinijua mara moja, na hakuna aliyesema. Walisogea tu, wakaniweka katikati. Nilipofika mezani Sista aliangalia ndevu zangu. Akakuangalia wewe. Akauliza, "Jina la mama?" Hofu ikanishika, nikataja langu. Akaliandika. Nilisimama foleni ile asubuhi sitini na moja.

Jana nilikuja Lodwar. Daftari lipo. "16 Februari 1980. Nakeno, msichana, miezi mitatu, kilo tatu na nusu. Mama: Ekidor." Mimi na mtunza daftari wa misheni tukalipeleka kwa DO, na ofisi ilikuwa imejaa, watu wa ardhi, watu wa vitambulisho, na wazee wawili wa hoteli ya Nyandeng waliofuata kesi ya punda. Karani wa DO akasoma kwa sauti. Akauliza, "Huyu mama Ekidor yuko hai?"

Nikasema, "Yuko."

"Basi aje."

"Amekuja."

Walicheka mpaka askari akaingia kuangalia kuna nini. Nikanyoosha mkono juu, nikaapa, nikaeleza kama nilivyokuandikia hapa. Sikuongeza hata ngoroko mmoja. Nimebeba magunia, nimevuta lori, lakini kazi ngumu kama hiyo sijawahi kufanya. Nilipofika kwa lile kofi, kicheko kilikuwa kimeisha. DO alitia sahihi yeye mwenyewe.

Cheti hicho. Ulizaliwa Novemba 1979. Una miaka kumi na minane.

Na huyo kocha wako amesema kweli. Mimi mchungaji mzima nimeangalia kondoo dume maisha yangu yote. Kondoo dume akitaka kupiga kweli kweli, kwanza anarudi nyuma. Damu yako ina wawili: aliyesimama na aliyekimbia. Mimi nilikupa mmoja tu, nikakunyima mwingine. Sasa chukua wote.

Ukitaka kunionea aibu, una ruhusa.

Ekidor


Nairobi,
8 Machi 1998

Mjomba wangu,

Cheti kilifika tarehe 29 Januari, na tarehe 30 nilikiweka mbele ya karani. Alikisoma, akasoma na nakala ya daftari, akasimama. Yule mtu hasimami hata kwa mkubwa wake. Akasema, "Mwambie huyo mama, ofisi hii inamsalimu." Pasipoti ninayo. Ni ya bluu, na harufu yake ni kama ya viatu vipya.

Barua yako niliisoma kazini, kando ya tanuri. Mkate wa zamu nzima uliungua. Msimamizi alikuja mbio akiwa amekasirika, akaniona uso, akageuka akaenda kuzima moto mwenyewe.

Jioni ile nilimwambia kocha, "Nifundishe kurudi nyuma." Akauliza, "Na bunduki kumi na saba?" Nikamwambia hakuna. Kuna mtu aliyekimbia akanibeba. Tangu siku hiyo, kila jioni, mara mia mbili: hatua moja nyuma, geuka, piga kwa kisigino. Ukirudi mbili hakimu anakupa onyo, anadhani unakimbia. Moja tu. Nimeanguka nimechubuka mpaka viwiko. Lile jina la kalamu ya risasi limefutwa.

Kuhusu aibu, Mjomba, hilo neno sikulielewa. Labda mwandiko.

Nakeno wako


Kairo,
19 Aprili 1998

Mjomba,

Salamu kutoka Misri! Mto wao ni mkubwa, hata wewe usingeweza kuuongeza. Chai yao haina maziwa. Mwambie Nyandeng aje afungue tawi. Naandika nikiwa nimeweka mguu ndani ya ndoo ya barafu, na shingoni nina kitu kizito cha rangi ya dhahabu. Soma polepole. Umpe na Nyandeng asome kwa sauti.

Nilipigana mara nne siku moja. Wa kwanza, Mtunisia, tatu kwa sifuri. Wa pili, Mhispania, alikuwa na mikono mirefu na uso wa kuchoka; mbili kwa moja. Wa tatu alikuwa Mmisri, mwenyeji, na ukumbi mzima ulikuwa unapiga miguu chini hadi meno yangu yakagongana. Raundi ya kwanza alinipata mara mbili kifuani, kwa sababu niliwasikia wale watu nikasahau, nikasimama. Nikakaa kwenye kiti. Kocha akanipa maji, akasema neno moja tu: "Kimbia." Hakujua anataja neno la nani. Nikarudi nikamfunga nne kwa mbili.

Fainali ilikuwa Mkorea. Mjomba, hao ndio wenye mchezo. Alikuja ulingoni akitabasamu kama mtu aliyekuja kuchukua kitu chake. Raundi mbili tulikuwa moja kwa moja, mbili kwa mbili. Ya tatu tatu kwa tatu, na zimebaki sekunde kama ishirini. Akaanza kuja. Anajua mimi ni nani, wameona picha za mechi zangu za zamani. Anajua huyu Mkenya husimama, humsubiri mtu kwa kifua. Akaruka na mguu wake wote, kwa ile nguvu ya mwisho.

Nikarudi hatua moja.

Moja, Mjomba. Mguu wake ukapita mahali nilipokuwa nimesimama maisha yangu yote. Hapakuwa na mtu. Nikageuka, kisigino kikaingia katikati ya kinga yake ya kifua, na mlio wake ulikuwa kama mlango wa ghala lako ukifungwa. Akakaa chini. Alikaa tu, akiniangalia kama aliyeibiwa. Nne kwa tatu. Alipoinuka aliinama, nikainama, tukakumbatiana, na jasho lake lilikuwa linanukia kama langu.

Bendera yetu ilipandishwa katikati, juu ya zile mbili. Wimbo wa taifa uliimbwa nikiwa peke yangu juu pale. Nilijaribu kuimba, sauti ikatoka ya mbuzi.

Baadaye walitupa fomu ya kumbukumbu ya washindi. Kuna mahali pa jina la mama. Nikaandika: Akai Lomunokol na Ekidor Lomunokol. Mwenye fomu akasema, kwa Kiingereza chake, nafasi ni ya mtu mmoja. Nikamwambia kwangu walihitajika wawili, mmoja wa kusimama na mmoja wa kukimbia, na kama nafasi haitoshi aongeze karatasi.

Akaongeza.

Nakuja mwezi wa sita. Medali utaivaa wewe siku ya kwanza.

Mtoto wenu,
Nakeno


Kakuma,
10 Mei 1998

Kwa Bingwa wa Mataifa, Nakeno, mtoto wa Akai, na wangu,

Ejok, ejok, ejok! Mimi sijambo kupita kiasi. Mke wangu amefunga kile kitambaa cha bluu tangu habari ifike na hakivui hata kwa kulala. Ngamia mdogo sasa anaonekana mpaka Eliye Springs, wavuvi wanamtumia kujua njia ya nyumbani.

Nyandeng aliisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza alipofika kwa ile hatua moja, mzee wa kesi ya punda alipiga meza, chai ya watu saba ikamwagika, na Nyandeng akasema leo hakuna kulipa. Mara ya pili walikuja watu wa foleni. Mara ya tatu alikuja mkubwa wangu mwenyewe, yule aliyeniambia nimtoe Mayen. Alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Siku iliyofuata akatoa amri: baba mwenye mtoto mchanga na hana mke atachukua maziwa kama mama. Sasa wako watano. Watu wanaiita foleni ya Ekidor. Mtoto wa Mayen amenenepa, shingo haionekani. Sikumfundisha tena mambo ya shuka, sasa ananifundisha yeye.

Wale wanaume wa seng'enge walijaribu kidogo. Mmoja akasema, "Shikamoo, mama Ekidor." Nikamwambia, marahaba mwanangu, na wewe umemnyonyesha bingwa gani? Hajarudi hotelini wiki ya pili.

Na nisikufiche, hadithi yangu ya zamani ilikuwa ndogo sana. Kupigana na ngoroko kila mtu hapa amepigana, waulize. Lakini nitajie mwanaume mwingine, kuanzia Lowarengak mpaka Katilu, aliyekuwa mama siku sitini na moja! Nilikimbia kutoka Katilu mpaka Lodwar na mtoto kifuani, kasi hivi kwamba mbuni watatu walijaribu kunifuata, wawili wakazimia. Ile ngozi ya kike ilinipendeza mpaka wazee wawili wakaulizia mahari. Haya ya mbuni na mahari nimeyaongeza. Yale mengine nilishayaapia kwa DO, na siku hizi nikifika kwa Akai mlangoni na fimbo yake siongezi kitu.

Mahali pale juu ya Katilu nilikuwa sijapakanyaga tangu alfajiri ile. Wiki iliyopita nilikwenda. Mlango wa boma umebaki mawe mawili. Nikamsomea mama yako barua yako yote, na ile sehemu ya fomu nikamrudia.

Ukija mwezi wa sita tutakupokea Lodwar uwanjani, ng'ombe dume amekwishachaguliwa, na wachezaji wa edonga, ngoma yetu ya kuruka, wanatoka mpaka Lokichoggio. Nyandeng analeta sufuria zake zote. Watu wameniuliza kama nitasimama mbele nikupokee au nitalia nikajifiche. Nimewaambia damu yetu hairudi nyuma.

Ila hatua moja, mwanangu. Nipate nafasi ya kuruka.

Ekidor Lomunokol,
mama wa bingwa